Viza ya Kazi: Kutoka Daftari la Nahodha hadi Mkataba wa Leo



Ramadhan ni mwezi wa familia kukaa pamoja kwenye futari, na ndipo nafasi zilizo wazi mkekani huonekana zaidi. Ni nyumba chache kwetu, iwe Mombasa, Malindi, Garissa au Majengo ya Nairobi, zisizokuwa na mtoto, dada au shemeji aliye Saudia, Qatar, Dubai au Oman. Na kwa kila aliyekwenda, kuna wawili nyumbani wanaouliza: "Na mimi nitapata viza lini?"

Swali hilo si baya. Kusafiri kutafuta riziki ya halali ni jambo walilolifanya wazee wetu tangu enzi za majahazi. Lakini kuna swali jengine linalofaa kutangulia: hiyo viza ya kazi ni kitu gani hasa? Ilianza wapi, kwa faida ya nani? Na kwa nini mmoja hurudi akajenga nyumba, mwengine hurudi na machozi, ilhali wote wawili waliondoka na muhuri ule ule kwenye pasipoti?

Tukiitazama historia tutaona kitu kimoja kikijirudia katika kila zama na kila nchi. Hali ya mfanyakazi ugenini huamuliwa zaidi na mambo mawili anayoondoka nayo nyumbani: deni lililoko shingoni mwake, na ujuzi ulioko mikononi mwake.

Neno kafala na maana yake

Wengi wetu tulilisikia neno kafala kwa mara ya kwanza katika habari za mateso ya wafanyakazi. Lakini neno lenyewe ni la fiqhi na lina heshima yake. Kafala ni dhamana. Mtu hujitolea kubeba jukumu la mwenzake: akishindwa kulipa deni, mdhamini ndiye adaiwaye. Kumlea yatima pia huitwa kafala. Na wengi wa mafaqihi wamekataza mdhamini kuchukua malipo kwa ajili ya dhamana yenyewe, kwa kuwa dhamana ni wema, haiuzwi.

Sasa linganisha na yanayojulikana siku hizi. Kuna makafili wanaouza viza kwa watu ambao hawana kazi ya kuwapa. Mwenye kununua huambiwa ni "viza huru", akifika atajitafutia mwenyewe. Akikamatwa akifanya kazi kwa mtu mwengine, ni yeye anayefungwa na kurudishwa. Hapo mzigo umegeuzwa. Aliyepaswa kudhaminiwa ndiye anayembeba mdhamini wake. Jina limebaki la fiqhi, lakini utaratibu una asili nyengine, nayo inaanzia baharini.

Daftari la nahodha

Kabla ya mafuta, utajiri wa Ghuba ulikuwa lulu. Bahrain, Kuwait, Qatar na miji ya pwani ambayo leo ni Falme za Kiarabu ilitegemea msimu wa kupiga mbizi, takriban miezi minne ya joto kali. Mzamiaji alishuka na jiwe mguuni na kibano puani, mara nyingi kwa siku moja. Miongoni mwa wazamiaji hao walikuwamo Waafrika kutoka pwani yetu ya mashariki, wengi wao watumwa au wana wa watumwa, ambao mapato yao yaliingia mfukoni mwa mabwana zao.

Hata mzamiaji huru hakuwa huru sana. Kabla ya msimu nahodha alimpa karadha ya kuachia familia chakula. Msimu ukiisha, fungu lake la mauzo lilikatwa karadha ile. Kwa kawaida halikutosha, na kilichobaki kikaandikwa kuwa deni la mwaka ujao. Mwenye daftari alikuwa nahodha na mzamiaji wengi hawakujua kusoma. Mwenye deni hakuruhusiwa kwenda kwa nahodha mwengine mpaka deni liishe au nahodha mpya alilipe. Mtu akifa, mara nyingi mwanawe alirithi deni na kuingia chomboni.

Katika miaka ya 1920, wakati Bahrain ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, serikali ilileta mageuzi. Karadha ziliwekewa kiwango, na kila mzamiaji akapewa daftari lake la hesabu. Manahodha walilalamika sana. Lakini Waingereza walitaka pia kudhibiti wageni walioingia bandarini kutafuta kazi, na njia iliyokuwa rahisi kwao ilikuwa kumtaka mwenyeji, kama vile nahodha, amdhamini mgeni wake na kuwajibika kwake. Wanahistoria waliochunguza kumbukumbu za zama hizo wanaona hapo ndipo mbegu ya kafala ya leo ilipopandwa, katika ofisi za utawala wa kikoloni.

Baadaye lulu ilikufa. Wajapani walijua kukuza lulu kwenye mashamba ya chaza, na mdororo wa uchumi wa 1929 ukamaliza soko. Lakini desturi ya kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja haikufa pamoja nayo.

Mafuta na karatasi

Mafuta yalipatikana Bahrain mwaka 1932, kisha Kuwait na Saudia mwaka 1938. Kampuni za mafuta zilihitaji mafundi, makarani na vibarua. Katika nchi zilizokuwa chini ya ulinzi wao, Waingereza walitumia cheti cha kutokuwa na pingamizi kumruhusu mgeni kuingia. Kuwait ilipojitawala mwaka 1961, na Bahrain, Qatar na Falme za Kiarabu mwaka 1971, serikali mpya zilirithi utaratibu huo na kuuingiza katika sheria zao za ukaazi. Kisha ikaja Oktoba 1973. Katika miezi michache bei ya mafuta ilipanda kutoka takriban dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12. Miji ikaanza kujengwa jangwani, na mamilioni ya wageni wakaitwa.

Hapa tuna mfano wa watu wetu wenyewe. Mwaka 1970 Sultan Qaboos alishika utawala Oman na akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Wengi walitoka Zanzibar na Afrika Mashariki. Mpaka leo ukitembea Muscat utasikia Kiswahili. Wengi wao walipata nafasi katika ofisi za serikali, shule, hospitali na kampuni ya mafuta. Undugu wa damu ulichangia, hilo hatulikatai. Lakini walikuwa pia wamesoma, wanajua Kiingereza na kazi za ofisi, wakati ambapo shule Oman zilikuwa chache mno. Elimu waliyoipata huku kwetu ndiyo iliyowapa vyeo kule.

Wageni wa Ujerumani

Usidhani jambo hili ni la Waarabu peke yao. Ujerumani Magharibi, baada ya vita, ilikuwa na viwanda vingi na watu wachache. Mwaka 1955 ilitia saini mkataba wa wafanyakazi na Italia, mwaka 1960 na Uhispania na Ugiriki, na Oktoba 1961 na Uturuki, nchi ya Waislamu wenzetu. Wajerumani walifungua ofisi Istanbul. Mturuki alipimwa afya kuanzia meno mpaka mkojo, akapewa mkataba, akapanda treni. Waliitwa "wafanyakazi wageni", na mgeni kwa desturi huenda zake. Kwa Waturuki muda uliowekwa mwanzoni ulikuwa miaka miwili, halafu arudi kwao.

Mwaka 1964 alipofika mgeni wa milioni moja, Mreno mmoja, alipokewa kwenye stesheni ya Köln kwa bendi na kuzawadiwa pikipiki ndogo. Miaka tisa baadaye, Novemba 1973, bei ya mafuta iliyoitajirisha Ghuba iliitia Ujerumani hofu, na mlango ukafungwa.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni jema: katika njia ile rasmi, ada ya kumtafuta mfanyakazi ililipwa na mwajiri. Kwa hiyo aliyepita ofisini hakulazimika kuuza shamba kumlipa ajenti. La pili ni baya: hakuna aliyejali kumfundisha lugha wala ufundi, kwa sababu walidhani ataondoka. Viwanda na migodi ilipopunguza watu, wasio na ujuzi ndio waliotangulia kuachishwa.

Sasa tazama Wakorea. Kati ya 1963 na 1977 Korea Kusini, wakati huo nchi maskini, ilipeleka Ujerumani takriban wachimba migodi 8,000 na wauguzi zaidi ya 10,000. Katika miaka ya sabini wauguzi walipoambiwa mikataba yao imekwisha na waondoke, walikataa. Walikusanya saini, wakadai haki ya kubaki, na wengi wakafanikiwa. Walikuwa na nguvu gani? Hospitali ziliwahitaji. Mwenye ujuzi unaohitajika ana kauli, hata akiwa mgeni.

Ufilipino ilivyojifunza kwa uchungu

Nchi iliyofikiri sana juu ya jambo hili ni Ufilipino. Mwaka 1974 ilitunga sheria ya kazi iliyoweka mpango wa kupeleka watu nje. Mwaka 1982 ikaunda idara maalumu ya ajira za nje, na mwaka uliofuata ikaanzisha semina za lazima kabla ya safari, ili anayeondoka ajue mkataba wake na haki zake.

Hata hivyo msiba ulitokea. Machi 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino aliyehukumiwa kwa mauaji. Wengi kwao waliamini hakutendewa haki na kwamba serikali yao ilimtupa. Watu waliingia barabarani, na mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi walio nje. Mwaka 2006 serikali ikaongeza masharti kwa wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani: cheti cha mafunzo, mshahara usiopungua dola 400 kwa mwezi, na mfanyakazi asitozwe ada ya kutafutiwa kazi.

Je, waajiri walifurahi? Hapana. Mwaka 2011 Saudia ilisimamisha viza za wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino na Indonesia, na mawakala wakageukia nchi nyengine, Kenya ikiwamo. Mwaka 2012 Saudia na Ufilipino zilielewana, na kile kima cha dola 400 kikabaki. Tafakari hapo, ndugu msomaji. Pengo ambalo dada zetu walikimbilia kuliziba lilikuwa limeachwa na watu waliodai haki zao.

Mafunzo ya jina tu

Tumesifu mafunzo, lakini si kila kinachoitwa mafunzo ni mafunzo. Mwaka 1993 Japani ilianzisha mpango wa "wanafunzi wa ufundi" kutoka nchi maskini. Kwa jina, kijana alikwenda kujifunza ili arudi kuinua kwao. Kwa vitendo, wengi walikuwa vibarua wa bei nafuu mashambani, viwandani na kwenye ujenzi, hawaruhusiwi kubadilisha mwajiri, na wengi, hasa Wavietnam, waliondoka kwao na madeni makubwa. Ni daftari la nahodha lile lile. Mwaka 2019 Japani ilifungua viza mpya kwa wenye ujuzi waliofaulu mitihani, na mwaka 2024 bunge lake likapitisha sheria ya kuufuta mpango ule wa zamani na kuweka mwengine mahali pake.

Korea Kusini nayo, ilipotajirika, iliiga mpango kama huo na ikapata lawama zile zile. Mwaka 2004 ikaanzisha utaratibu wa serikali kwa serikali: mwombaji hufanya mtihani wa lugha ya Kikorea, jina lake huingia kwenye orodha, na ajenti wa binafsi hana nafasi kati yao. Waliowahi kuwa wageni walikumbuka yaliyowauma.

Na sisi Kenya je?

Kenya ilikubali mapema kanuni za kimataifa. Iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wahamiaji wa kazi mwaka 1965, na ule wa nyongeza mwaka 1979. Lakini karatasi ni karatasi. Malalamiko kutoka Ghuba yalipozidi, mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku uajiri wa kwenda Mashariki ya Kati na kufuta leseni za mawakala. Marufuku haikuwazuia watu, wengine walipitia nchi jirani bila rekodi yoyote. Iliondolewa mwaka 2017 kwa masharti mapya: mawakala kusajiliwa upya na kuchunguzwa, kuweka dhamana ya fedha, na wafanyakazi wa nyumbani kupata mafunzo kabla ya safari chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, yaani NITA.

Hata baada ya hapo misiba haikukoma. Takwimu za Wizara ya Mambo ya Nje zilionyesha Wakenya 89 walifariki Saudia kati ya 2020 na 2021. Nyuma ya kila mmoja wao kuna mama ambaye mpaka leo anauliza mwanawe alikufaje.

Ni haki kusema kwamba nchi za Ghuba nazo zimebadilika. Kuwait ilitunga sheria ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2015, Qatar mwaka 2017. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la idhini ya mwajiri kwa anayetaka kubadilisha kazi, na mwaka 2021 ikaweka kima cha chini cha riyal 1,000 kwa mwezi. Oman nayo tangu Januari 2021 inamruhusu aliyemaliza mkataba kuhama bila ile hati ya kutokuwa na pingamizi. Saudia ilileta mageuzi Machi 2021, lakini hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani na madereva wa familia, ambao ndio wengi wa watu wetu. Basi usiseme "Ghuba" kana kwamba ni nchi moja, wala usiseme "mfanyakazi" kana kwamba sheria ni moja. Uliza nchi gani, kazi gani, sheria ipi.

Milango mengine na ukweli wake

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilikubaliana juu ya wauguzi. Watu wakashangilia. Miezi michache baadaye waziri wa afya wakati huo alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10 tu. Hawa walikuwa wauguzi kamili, waliosoma kwa Kiingereza! Mtihani ule una mbinu zake, na wengi hawakuandaliwa. Njia nyengine ya Uingereza, ya viza kwa wahudumu wa kulea wazee, ilifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje Julai 2025. Viza ni mlango wa mwenye nyumba, hufungua akitaka na kufunga akitaka.

Septemba 2024 ilikuwa zamu ya Ujerumani. Mkataba ulitiwa saini Berlin, na habari zikaenea kwamba nafasi 250,000 ziko wazi kwa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: mkataba haukutaja idadi yoyote. Lakini njia zenyewe ni za kweli. Muuguzi au fundi mwenye cheti huomba kitambuliwe kule, na muuguzi kwa kawaida hutakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2. Kijana asiye na taaluma anaweza kuomba mafunzo ya kazi wanayoyaita Ausbildung, ambayo aghalabu huchukua miaka mitatu. Husoma darasani na kufanya kazi kwa zamu, huku akilipwa posho na mwajiri. Kwa hayo mara nyingi hutakiwa B1, na kufika hapo huchukua miezi mingi ya kusoma kwa bidii. Anayekuambia utaondoka mwezi ujao bila neno la Kijerumani, muulize vizuri.

Na wapo waovu kabisa. Mwaka 2022 serikali yetu ilitoa onyo baada ya vijana wa Kenya kuahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha kuvushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta. Wengi walikuwa wamesoma. Walisafiri kwa viza za matembezi, wakaambiwa za kazi watazikuta huko.

Kabla hujatia saini

Kutokana na historia hii yote, tunawausia vijana na wazazi mambo haya:

Kwanza, usiondoke na deni. Uliza kwa maandishi nani analipa tiketi, viza na ada ya ajenti, na kama kuna pesa zitakazokatwa kwenye mshahara. Mwenye deni hawezi kumwambia mwajiri hapana.

Pili, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usitegemee cheti alichotundika ukutani, thibitisha kwa mamlaka yenyewe.

Tatu, soma mkataba kwa lugha unayoielewa: jina la mwajiri, mji, kazi, mshahara, siku ya mapumziko, na nani atakurudisha nyumbani. Dini yetu imetuamrisha kuandika madeni mbele ya mashahidi, seuze miaka miwili ya umri wako? Acha nakala kwa familia, pamoja na nakala ya pasipoti.

Nne, viza ya matembezi si viza ya kazi. Hakuna "utabadilishiwa ukifika".

Tano, jifunze kitu kabla ya kwenda, na usikimbie siku za mafunzo kwa kununua cheti. Ukijua lugha ya huko, huduma ya kwanza, upishi, umeme au udereva wa mitambo, una kitu cha kuombea mshahara bora, na cha kurudi nacho nyumbani mkataba ukiisha.

Wazazi nao wana sehemu yao. Tusimsukume binti kwa sababu jirani amejenga. Tukae naye, tusome karatasi pamoja, tumpeleke akajifunze kwanza hata kama ni kumchelewesha mwaka mmoja. Na akishafika, tusimpigie simu kuomba tu, tumuulize pia kama amekula na kama amelipwa.

Mzamiaji wa lulu hakuwa na hiari, na daftari lake lilishikwa na mtu mwengine. Kijana wa leo anaweza kulishika lake mwenyewe akitaka. Mwenyezi Mungu awahifadhi walio safarini, awarudishe salama, na awape waliobaki subira na akili ya kuchagua. Amin. Ramadhan Karim.